Tom Kilburn: Jamaa aliyeifundisha kompyuta kujigawia nafasi

SMS moja iliyojaa, ile ya herufi 160, hubeba baiti 140. Kompyuta ya kwanza ambayo Tom Kilburn na wenzake waliiunda jijini Manchester, Uingereza, ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 128 pekee. Yaani ujumbe mmoja tu wa simu ya mulika mwizi ungekosa pa kukaa humo ndani. Herufi kumi na kitu zingebaki zikining'inia nje.

Sasa hebu angalia simu uliyoshika. Unafungua WhatsApp, unarukia TikTok, unacheki salio la M-Pesa, unarudi WhatsApp na kukuta ujumbe uliokuwa ukiandika uko palepale ulipouachia. Hakuna apu iliyokuuliza data yake iwekwe kona gani. Na hata aliyeiandika apu hiyo hakuulizwa. Aliomba nafasi tu, akapewa. Mgawaji ni kiini cha mfumo endeshi, ile sehemu ya ndani kabisa usiyoiona, ambayo mojawapo ya kazi zake ni kuamua nani akae wapi kwenye kumbukumbu na nani atoke nafasi ikiisha.

Utaratibu huo haukuanguka kutoka mbinguni. Sehemu kubwa ya wazo lake ilipikwa na kikundi kidogo cha wahandisi katika Chuo Kikuu cha Manchester, mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kiongozi wao alikuwa huyu Kilburn. Kila mwanafunzi wa kompyuta amesikia habari za Alan Turing. Ukitaja Kilburn, wengi watadhani unazungumzia mtaa wa London. Kwa maoni yangu, hapo historia imempunja mzee wa watu.

Thomas Kilburn alizaliwa Agosti 11, 1921 mjini Dewsbury, eneo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Ulikuwa mji wa viwanda vya sufu, na babake alikuwa karani. Alisoma papo hapo mjini, katika shule ya Wheelwright Grammar, ambako mwalimu mkuu alifanya jambo ambalo leo lingewafanya wazazi waandamane hadi ofisi za elimu: tangu Tom akiwa na umri wa miaka 14 hivi, alimruhusu kusoma hesabu na karibu hesabu peke yake. Nyinyi mnaokuna vichwa kuhusu mkondo wa kuchagua Sekondari Pevu, huyu mwenzenu alichaguliwa mapema mno.

Mnamo 1940 aliingia Chuo cha Sidney Sussex, Cambridge. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimepamba moto na kozi zilikuwa zimefupishwa ili vijana watoke haraka. Kilburn alihitimu 1942 kwa daraja la kwanza. Wakati huo serikali ilikuwa ikisaka vichwa vya hesabu na sayansi, na miongoni mwa waliopewa kazi ya kuwasajili alikuwa C. P. Snow, mwanasayansi ambaye pia aliandika riwaya. Kilburn alipitishwa kwenye kozi ya chapuchapu ya umeme na elektroniki, kisha akatumwa Malvern, kwenye taasisi ya utafiti wa rada iliyoitwa TRE.

Huko alipangiwa kufanya kazi chini ya Freddie Williams, mmoja wa mafundi stadi zaidi wa saketi nchini humo. Williams alikuwa ameomba mtu mwenye uzoefu. Akaletewa kijana wa miaka 21 ambaye elektroniki alikuwa ameijua juzi tu. Hakufurahi hata kidogo, na hakuficha. Lakini kufikia mwisho wa vita mambo yalikuwa yamebadilika: Williams alipoondoka Malvern, huyohuyo kijana ndiye aliyetaka aende naye. Katikati ya hayo yote, mwaka wa 1943, Kilburn alimwoa Irene Marsden, na baadaye wakajaliwa mtoto wa kiume na wa kike.

Vita vilipoisha, wataalamu wa Marekani na Uingereza walikuwa tayari wanajua kompyuta nzuri ingefaa kuwaje. Mashine kama ENIAC ya Marekani ilikuwa na kasi ya ajabu, lakini ukitaka ifanye kazi tofauti ulilazimika kuchomoa na kuchomeka nyaya upya. Dawa ilijulikana: weka programu yenyewe ndani ya kumbukumbu, pamoja na data. Kikwazo kilikuwa kwamba kumbukumbu yenyewe haikuwepo. Hakuna aliyekuwa na kifaa cha kuhifadhi maelfu ya alama za 0 na 1 na kuzitoa kwa kasi ya umeme.

Williams aliona njia katika vioo vya rada, vile vilivyofanana na vioo vya runinga za zamani zenye kisogo kirefu. Ukirusha miale ya elektroni kwenye kioo hicho, hubaki na chaji ndogo mahali ilipogonga. Nukta ya aina moja iwe 0, ya aina nyingine iwe 1. Shida ni kwamba chaji hiyo huvuja na kupotea kabla hata ya sekunde kwisha. Basi unaisoma kila nukta na kuiandika upya kabla haijafutika, tena na tena bila kupumzika. Ni kama kuandika kwa maji juu ya saruji siku ya jua kali, huku ukirudia kila herufi kabla haijakauka.

Mwishoni mwa 1946 Williams alifaulu kuhifadhi biti moja. Moja tu. Desemba mwaka huo akahamia Manchester kuwa profesa, na Kilburn akafuatana naye huku mshahara ukiendelea kutoka TRE. Kazi ya kuifanya biti hiyo moja iwe nyingi ilimwangukia Kilburn. Kufikia Desemba 1947 alikuwa anahifadhi biti 2,048 kwenye kioo kimoja kwa saa kadhaa, na ripoti aliyoiandika ikasomwa na watu hadi Marekani. Vioo hivyo baadaye vilitumika hata kwenye kompyuta ya IBM 701.

Lakini kuhifadhi alama zikiwa zimetulia ni jambo moja. Je, zingestahimili kusomwa na kubadilishwa kwa kasi ya kompyuta inayofanya kazi? Njia ya kujua ilikuwa moja: kuunda kompyuta. Kilburn na Geoff Tootill wakaunda ndogo kadiri walivyoweza, nayo ikaja kuitwa Baby, yaani Mtoto. Mtoto mwenyewe alikuwa na uzani wa takriban tani moja, urefu wa zaidi ya mita tano, na vali zipatazo 550. Kumbukumbu yake ilikuwa mistari 32 yenye biti 32 kila mmoja. Haikujua hata kujumlisha. Ilijua kutoa pekee, na kujumlisha ulikufanya kwa kutoa nambari hasi.

Programu waliiingiza kwa swichi, biti baada ya biti. Mara ya kwanza walipobonyeza kitufe cha kuanzisha, mataa kwenye kioo yalicheza ovyo na jibu halikuja. Wakatafuta kosa, wakarekebisha, wakajaribu tena, yakacheza tena. Siku zikapita hivyo. Halafu Jumatatu, Juni 21, 1948, yakasimama mahali yalipotakiwa kusimama. Programu ilikuwa na amri 17, na kazi yake ilikuwa kutafuta kigawanyo kikubwa zaidi cha 262,144 kwa kujaribu nambari moja baada ya nyingine. Baada ya dakika 52 na hatua takriban milioni 3.5, mashine ilitoa jibu: 131,072. Jibu ambalo mtoto wa gredi ya sita angetoa kwa kugawa kwa mbili, lakini haikuwa hoja. Kwa mara ya kwanza duniani, kompyuta ya kielektroniki ilikuwa imeendesha programu iliyohifadhiwa ndani ya kumbukumbu yake. Mwandishi wa programu hiyo alikuwa Kilburn, na inasimuliwa kwamba hakuwahi kuandika nyingine maishani mwake.

Hapa pana kosa linalorudiwa sana, kwamba Turing ndiye aliyeiunda Baby. Sivyo. Turing alihamia Manchester baadaye mwaka huo, mashine ikiwa tayari imefanya kazi. Alichangia mengi mengine, lakini Mtoto huyu wazazi wake ni Kilburn, Williams na Tootill.

Kuanzia hapo mambo yalienda mbio. Baby ilikua ikawa Manchester Mark 1 mnamo 1949, na kampuni ya Ferranti ikaifanya bidhaa: Ferranti Mark 1 iliwasilishwa chuoni Februari 1951, miongoni mwa kompyuta za kwanza kabisa kuuzwa duniani. Na ni katika mashine hizi ambapo tatizo la kugawa kumbukumbu lilianza kuuma.

Vioo vya kumbukumbu vilikuwa na kasi, lakini ghali na vidogo. Kwa hivyo waliongeza pipa la chuma lenye ngozi ya sumaku, linalozunguka mfululizo huku data ikiandikwa juu yake. Pipa lilibeba data nyingi, lakini lilikuwa polepole, kwa sababu ilibidi usubiri lizunguke mpaka sehemu unayoitaka ifike.

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa mitumba pale Gikomba. Ana meza ndogo mbele na stoo kubwa nyuma. Mezani mteja anahudumiwa papo hapo. Cha stoo lazima mtu atumwe. Kwenye kompyuta za wakati huo, mteja ndiye aliyelazimika kusema kila kitu: toa shati lile mezani, lirudishe stoo rafu ya tatu, niletee suruali kutoka rafu ya saba, iweke pale shati lilipokuwa. Kila mwandishi wa programu alilazimika kuikata kazi yake vipandevipande, kupanga ni kipande gani kiwe mezani saa ngapi, na kuandika amri za kuvihamisha mwenyewe. Akikosea, kipande kimoja kinafunika kingine na hesabu ya siku nzima inaharibika. Wengi walitumia muda mwingi zaidi kuhamisha mizigo kuliko kufikiria swali walilokuja nalo.

Mnamo 1954 Tony Brooker, mwenzake Kilburn pale chuoni, alitoa lugha ya programu iliyoitwa Autocode ambayo ilimfichia mwandishi uhamishaji huo. Watumiaji waliipenda sana. Lakini ilikuwa lugha tu, na ilifanya kazi polepole. Kilburn alijiuliza swali lililo zito zaidi: je, mashine yenyewe haiwezi kufanya hivyo, kwa kila programu, kwa lugha yoyote?

Nafasi ya kujibu ilikuja na mradi alioanzisha 1956. Wamarekani walikuwa wakiunda kompyuta kubwa za kasi, na Kilburn aliona Uingereza inaachwa nyuma. Kupata fedha za serikali ilikuwa shida. Mikutano ilikuwa mingi, maamuzi machache. Jamaa hakungoja. Alianza na pesa ambazo idara yake ilikuwa imezipata kwa kuwakodisha watu wa nje muda wa kutumia kompyuta ya chuo. Mwaka wa 1959 Ferranti wakaingia ubia, na mashine ikapewa jina Atlas.

Hapa ndipo utamu ulipo, kwa hivyo tusiharakishe.

Atlas ilikuwa na kumbukumbu ya haraka ya maneno 16,384, na mapipa ya sumaku yenye uwezo wa maneno takriban 98,000. Neno moja lilikuwa na biti 48. Kwa vipimo vya leo, vyote kwa pamoja havifiki kilobaiti 700, na picha moja ya simu yako huenda inazidi hapo mara kadhaa. Kusoma neno kwenye kumbukumbu ya haraka kulichukua mafungu mawili hivi ya sekunde iliyogawanywa mara milioni. Kusubiri pipa lizunguke kulichukua wastani wa mara elfu tatu ya muda huo. Kama kuchukua nguo mezani kungekuwa sekunde moja, kwenda stoo kungekuwa karibu dakika 50.

Kilburn pamoja na Dai Edwards, Michael Lanigan na Frank Sumner waliamua kwamba mwandishi wa programu asione meza wala stoo. Aone kitu kimoja tu: safu moja ndefu ya anwani, hadi takriban milioni moja. Walikiita hifadhi ya ngazi moja, na makala yao ya mwaka wa 1962 yaliyoieleza bado hurejelewa.

Ndani, safu hiyo iligawanywa katika vipande vya maneno 512. Kumbukumbu ya haraka nayo iligawanywa katika kurasa 32 za ukubwa huohuo, ili kipande chochote kitoshee ukurasa wowote. Kila ukurasa ulipewa rejista yake ndogo ya kielektroniki iliyosema: kwa sasa nimebeba kipande nambari fulani. Programu ilipotaja anwani, rejista zote 32 ziliulizwa kwa wakati mmoja. Mmoja akijibu, kazi inaendelea bila hata kuhisi. Wote wakinyamaza, programu inasimamishwa kidogo, na programu nyingine maalumu, iliyoitwa Msimamizi, inashika usukani. Msimamizi analeta kipande kutoka pipani, anabadilisha rejista, kisha anairuhusu programu iendelee kana kwamba hakuna lililotokea. Sehemu kubwa ya Msimamizi huyo iliandikwa na timu ya Ferranti ikiongozwa na David Howarth, na wengi humhesabu kuwa babu wa mifumo endeshi ya leo.

Angalia ujanja mmoja mdogo. Walihakikisha daima kuna ukurasa mmoja mtupu. Kwa nini upoteze nafasi kwenye meza iliyo ndogo hivyo? Kwa sababu kipande kinapohitajika kwa haraka, kinatua moja kwa moja kwenye ukurasa mtupu bila kungoja mwingine uondolewe. Kinachofuata, kumtafuta wa kuondoka ili nafasi tupu ipatikane tena, kinafanywa baadaye kidogo, mteja akiwa ameshapata nguo yake. Muuzaji yeyote mwenye akili huacha pembe moja ya meza wazi kwa sababu iyo hiyo.

Na nani aondoke? Hapo waliweka kanuni iliyojaribu kujifunza tabia za programu. Kwa kila ukurasa, mashine ilikumbuka umekaa muda gani bila kuguswa sasa, na mara iliyopita ulikaa muda gani bila kuguswa kabla ya kutakiwa tena. Ukurasa ambao umekaa kimya kuliko kawaida yake ulidhaniwa kazi yake imekwisha, ukarudishwa pipani. Wazo hilo lilikuwa la kijanja, pengine la kijanja kupita kiasi. Watafiti wa baadaye walipozilinganisha kanuni mbalimbali, hii ya Atlas haikuibuka mshindi; rahisi zaidi, kama ile ya kumtoa tu aliyekaa muda mrefu zaidi bila kutumika, zilifanya vizuri. Lakini mtu wa kwanza kuvuka mto ndiye hulowa.

Kisha kulikuwa na kufuli. Kila ukurasa ulikuwa na alama ya kuufunga. Ukiwa bado unaletwa kutoka pipani, hakuna programu ya kuugusa. Na Atlas ilipokuwa na programu kadhaa ndani kwa pamoja, kurasa za programu iliyopumzishwa zilifungwa zisivurugwe na jirani. Ndiyo maana leo apu ya kamari haiwezi tu kuchungulia kwenye kumbukumbu ya apu ya benki.

Lakini kwangu mimi, jambo zuri zaidi lilikuwa fomu. Mtu alipoleta kazi yake kwa Atlas, aliambatanisha maelezo mafupi: jina la kazi, data itokayo wapi, matokeo yaende wapi, muda inaohitaji, na idadi ya vipande vya kumbukumbu. Idadi tu. Hakusema vipande vipi, viko wapi, ukurasa gani. Msimamizi ndiye aliyejua. Ukitazama vizuri, huo ni mkataba: mimi nitakwambia kiasi, wewe utajua mahali. Waandishi wa viini vya mifumo endeshi wa leo bado wanabishana kuhusu maneno ya mkataba huohuo. Mwombaji aseme nini na anyamazie nini? Akikosa nafasi aambiwe mara moja, au asubiri? Ukimdai maelezo mengi, unamrudishia mzigo wa kuhama na rafu. Ukimwachia aombe bila kipimo, mmoja anakula sahani ya wote. Simu yako ikiua apu ya nyuma kimyakimya ili unayoitazama ipumue, ujue Msimamizi amefanya uamuzi wa aina hiyo bila kukuuliza.

Atlas ilizinduliwa rasmi Desemba 7, 1962, ikiwa miongoni mwa kompyuta zenye nguvu zaidi duniani. Kibiashara haikuvuma: ukiacha ya Manchester, mashine nyingine mbili za aina hiyo zilienda Chuo Kikuu cha London na maabara ya Chilton, na toleo lililopunguzwa likazaliwa kwa ushirikiano na Cambridge. Lakini wazo lilisafiri.

Halikukubaliwa na wote, usidhani. Kwa miaka mingi mafundi wa programu walisisitiza kwamba hakuna mashine inayoweza kupanga meza vizuri kuliko mtu anayeijua kazi yake. Na walikuwa na ushahidi. Mashine nyingi zilizoiga wazo hili zilipojazwa programu nyingi kupita kiasi, zilianza kufanya kazi ya kuhamisha kurasa tu, kuleta na kurudisha, kuleta na kurudisha, bila hesabu yoyote kusonga. Wewe uliyewahi kufungua madirisha thelathini ya intaneti kwenye kompyuta kuukuu ya saiba umeiona hali hiyo: taa inawaka, feni inalia, hakuna kinachofunguka. Mnamo 1968 Peter Denning alieleza chanzo chake: kila programu ina fungu la kurasa inazozihitaji kwa wakati fulani, na usipoipa fungu hilo zima, afadhali usiiendeshe kabisa kwa sasa. Mwaka uliofuata, David Sayre wa IBM alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba mgawo wa mashine unaweza kushindana na wa binadamu. Kufikia 1972 IBM wenyewe walikuwa wakitangaza uwezo huo kwenye kompyuta zao kubwa za System/370.

Leo kurasa za kumbukumbu kwenye simu na kompyuta nyingi huwa za baiti 4,096. Za Atlas, ukipiga hesabu, zilikuwa baiti 3,072. Miaka zaidi ya sitini, na kipimo hakijasonga mbali hivyo.

Kilburn mwenyewe hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa Myorkshire wa maneno machache, anayesema jambo mara moja na kutarajia lieleweke. Mwaka wa 1960 alifanywa profesa, na mwaka wa 1964 akaanzisha na kuongoza idara ya sayansi ya kompyuta, ya kwanza ya aina yake Uingereza. Baadaye timu yake iliunda mashine nyingine kubwa, MU5, ambayo ilichangia kompyuta za kampuni ya ICL. Tuzo zilimfuata: Jumuiya ya Kifalme ilimfanya mwanachama 1965, na Marekani ikamtuza nishani ya Eckert-Mauchly mnamo 1983.

Nje ya maabara alikuwa shabiki wa Manchester United. Kila mwaka alienda na familia yake likizo Blackpool, mji wa ufukweni, na kila mwaka alihakikisha amerudi kabla ya mechi ya kwanza ya msimu. Hapo hata sisi tunaokesha kwenye baa na vibanda vya video tunaelewana naye.

Mnamo 1981 aliamua kustaafu akiwa na miaka 60, ili amuuguze Irene aliyekuwa akiugua. Irene alifariki Agosti 3 mwaka huo, wiki mbili tu kabla ya siku aliyopanga kuacha kazi. Miaka iliyofuata aliishi kimya, na jengo la idara yake lilikuja kupewa jina lake.

Mnamo Juni 21, 1998, nusu karne kamili baada ya siku ile ya mataa, alikaribishwa kushuhudia nakala ya Baby iliyoundwa upya na kikundi kilichoongozwa na Chris Burton. Tootill naye alikuwepo. Ilikuwa na vali za zamani za aina ileile, swichi za aina ileile, na kioo cha nukta za kijani. Kilburn alifariki Januari 17, 2001, akiwa na umri wa miaka 79. Nakala ile bado ipo katika jumba la makumbusho la sayansi na viwanda la Manchester, na wazee wanaojitolea huiwasha mbele ya wageni, wakiingiza programu kwa swichi, biti baada ya biti.